Mgeni Asikute Redio Uchi

Kompyuta ya Herman Mwashi ilikuwa na ugonjwa wa kuchagua watu. Akiwa peke yake chumbani, hata akijirekodi akisoma gazeti kwa saa nzima, ilifanya kazi bila kasoro. Akija mgeni kurekodiwa, dakika ya kumi na nane au kumi na tisa sauti ilianza kupasuka kama bisi kwenye sufuria, kisha ikakatika vipande vipande, na kazi yote ikawa haifai.

Herman hakuwa mtu wa kuamini kwamba kompyuta huchagua watu. Alikuwa mpima ardhi wa serikali, miaka ishirini na moja kazini, na alichokiamini ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha vipimo. Katika kazi ile namba haifutwi. Ukikosea, unaikata kwa mstari mmoja mwembamba na kuandika iliyo sahihi kando yake, ili anayekuja baadaye azione zote mbili. Kwa hiyo tatizo lilipoanza, mwezi wa sita, alichukua kitabu kipya, akaandika juu ya jalada "Kompyuta", akaanza kulitafuta kama anavyotafuta jiwe la mpaka lililofukiwa shambani.

Kufikia katikati ya Agosti kitabu kilikuwa na mistari thelathini na moja. Alizima intaneti. Aliondoa programu ya kukamata virusi. Alibadilisha waya wa saundi kadi, kile kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni, kisha akakichomeka tundu lingine. Alihamishia kazi za zamani kwenye diski mpya. Aliongeza akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuiandika, mara mbili, kisha mara nne, kisha mara nane. Mstari wa kumi na nne ulisema: "Joto la prosesa, digrii 66. Sawa." Alifunga mlango na kuzima feni ya chumba, kama anavyofanya mgeni akiwepo. Alimwomba hata mkewe, Asteria, aje aketi mbele ya maikrofoni nusu saa.

"Nifanye nini?" Asteria aliuliza.

"Kaa kama mgeni."

"Miaka kumi na sita ndani ya nyumba hii, leo ndiyo nakaribishwa."

Mashine haikukwama. Jumapili iliyofuata alikuja Mzee Shomari kutoka Janga na zeze lake, na dakika ya kumi na tisa bisi zikaanza. Mzee Shomari alilaza zeze magotini, akaitazama kompyuta kwa huruma. "Ina haya," alisema. "Haijazoea watu."

Hadi hapo lilikuwa tatizo la mtu mwenye chumba kimoja cha uani huko Misugusugu, Kibaha, magodoro mawili yaliyoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, na kazi ya hiari ya mwisho wa wiki, kurekodi nyimbo za watu. Likageuka kuwa jambo jingine siku Abednego alipopiga simu kutoka Marui, kule Kisarawe. Abednego alikuwa mtoto wa shangazi yake Herman, Kashinje, dada wa pekee wa baba yake. Uvimbe wa tezi ya shingoni ambao shangazi alikuwa ameishi nao miaka mingi ulikuwa umeanza kumbana pumzi, na madaktari wa Dar walikuwa wamempangia upasuaji Jumatatu. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti hupita nyuma ya tezi ile, daktari alieleza. Watafanya kwa uangalifu. Lakini sauti inaweza kubaki, inaweza kupungua, inaweza isirudi.

"Nampitisha kwako Jumamosi," Abednego alisema. "Kasema anajua unachokitaka."

Herman alikitaka wimbo wa baba yake.

Mwaka 1991 mzee Mwashi aliswaga ng'ombe wake kwa miguu kutoka Shinyanga hadi Kisarawe, miezi minne njiani, na kila walipolala alitunga ubeti: jina la mahali, na jina la ng'ombe aliyebaki hapo, kwa kiu, kwa ugonjwa au kwa kuuzwa. Wimbo mzima ulichukua dakika ishirini na tatu. Aliuimba mara nyingi kisimani, na mara moja tu mbele ya redio kaseti ya mama, Yunis, akiwa amevaa shati la kanisani.

Redio ile ilikaa kwenye meza ya peke yake katika nyumba ya Marui, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha rangi ya kahawia ambacho Yunis alikitengeneza kwa mikono yake. Vumbi lilikuwa sababu mojawapo. Sababu kubwa ilikuwa heshima. Mtu akionekana kule kwenye mkorosho anakuja, kabla hajafika uani, mama alipaza sauti kutoka jikoni: "Herman! Mgeni asikute redio uchi!" Naye Herman, hata awe anafanya nini, alikimbia ndani, akatandaza kitambaa, akakinyoosha pembe nne.

Akiwa na miaka kumi na tatu, Jumapili moja, alitaka kuyahifadhi matangazo ya mpira. Kaseti aliyoikuta ndani haikuandikwa kitu. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama alivyomwona mama akifanya. Alipogundua ilikuwa kaseti gani, kipindi cha pili kilikuwa kimekwisha, na wimbo ulikuwa umefutika, wote. Baba hakumwuliza. Alikufa miaka tisa baadaye bila kuurekodi tena, na Herman hakuwahi kumwomba, maana kuomba kungekuwa kukiri. Kati ya waliotembea safari ile sasa alibaki mtu mmoja anayezikumbuka beti zote kwa mfuatano wake, na huyo alikuwa na uvimbe shingoni.

Jumamosi Herman aliamka alfajiri na kuijaribu mashine mwanzo hadi mwisho, saa moja na dakika kumi. Safi. Saa nne kasoro honi ikalia getini. Alifunga kitabu, akafunika sipiyu ya kompyuta, akaweka kiti sawa, akazima feni, akatoka.

Shangazi Kashinje alishuka kwenye gari akiwa amejifunga kitenge kipya na skafu shingoni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mwangaluka." Alimshika uso kwa mikono miwili. "Umenenepa. Kupima mashamba ya watu kunalipa."

"Anapimia kitini siku hizi," Abednego alidakia kutoka kwenye usukani. "Kaka, nakwenda Maili Moja kutafuta dawa ya kupe. Saa nane nampitia, tuingie Dar kabla ya foleni. Ile mashine isizingue, sawa? Mama hajalala, anakariri tu."

"Nani anakariri?" shangazi alisema. "Mimi nilitembea. Mtu aliyetembea hakariri."

Aliketi mbele ya maikrofoni, akakataa mto, akavua viatu. Herman alivaa hedifoni masikioni na kumpa ishara. Akaanza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa miaka sabini na nne, yenye kikwaruzo chini yake, lakini haikutetereka. Kisukuma cha Herman kilikuwa kimechakaa kwa kukaa Pwani. Hata hivyo majina aliyajua. Igunga, pale alipobaki ndama mweupe. Singida, pale walipokoka moto mchana kwa baridi. Manyoni, yule mwekundu mwenye pembe moja aliyekataa kuvuka reli. Herman alikuwa ameinamisha kichwa, akiuona mgongo wa baba yake kisimani, ndoo, mapovu ya maji kwenye midomo ya ng'ombe. Walipofika Gairo, dakika ya kumi na tisa, bisi ikapasuka sikioni. Kisha nyingine. Kisha sauti ya shangazi ikawa vipande.

Aliinua mkono. "Samahani, shangazi. Imekwama."

"Imekwama wapi?"

"Gairo."

"Hata sisi tulikwama Gairo, siku sita," alisema, akaomba maji.

Herman alizima kompyuta, akaiwasha upya, akafunga kila programu isiyohitajika, akaongeza akiba ya sauti hadi mwisho wake. Shangazi alianza upya tangu Shinyanga. Safari hii bisi hazikungoja dakika ya kumi na tisa. Zilikuja dakika ya sita, hawajafika hata Singida. Herman aliivua hedifoni na kuiweka mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuivunja.

Shangazi alikohoa, akashika skafu. "Nisikilize, baba," alisema, na kikwaruzo sasa kilikuwa juu ya sauti, si chini yake. "Umebaki mmoja. Ninausikia hapa. Wa baada ya huo sina."

Asteria aliingia na kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye tangawizi, akamtazama mumewe, akatoka. Saa ilikuwa tano na nusu. Herman alikuwa amefungua kitabu, akipitia mistari thelathini na moja kuanzia mwanzo. Dakika sita. Kwa nini sita? Kama kosa lingekuwa kwenye waya, lisingejali muda. Kama lingekuwa kwenye diski, kuwasha upya kungelisaidia au kusingebadilisha kitu. Lakini lilikuwa limekuja mapema zaidi, kama mtu aliyepanda mlima na kuamriwa aupande tena kabla hajapumzika.

Shangazi alikuwa amesimama. Alizunguka meza peku, akafika mahali sipiyu ilipokaa, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kahawia kilichoifunika.

"Hiki si cha Yunis?"

"Ndicho," Herman alijibu bila kuinua macho.

"Unajua alikitengeneza na nini?"

"Uzi."

"Uzi wa wapi, Marui ile ya mwaka tisini na moja? Lilikuwa sweta lake. Alilivaa njia nzima, Singida alilala nalo. Tulipofika Kisarawe akalivua, akaliangalia, akaniambia: wifi, huku nitalivaa lini? Akalifumua palepale, akaufuma uzi maradufu, akaivisha redio." Aliminya kitambaa kwa vidole, kisha akaacha kiganja kikae. Uso wake ulibadilika. "Baba. Hii ina homa."

Herman aliinua macho.

"Njoo ushike. Umeivalisha sweta. Nani anavaa sweta Kibaha?"

Alisogea akashika. Alirudi kwenye kioo cha kompyuta, akafungua programu inayoonyesha joto la prosesa, ile ya mstari wa kumi na nne. Digrii tisini na nane. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikifika hapo hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua, na ikipunguza mwendo sauti huja kwa kasi zaidi kuliko inavyoandikwa. Hilo alilijua. Lilikuwa kwenye kitabu chochote cha mafundi. Alikuwa amelipima akiwa peke yake, akapata sitini na sita, akaendelea na mstari wa kumi na tano.

Alikiondoa kitambaa. Joto lililotoka kwenye matundu ya juu lilimpiga usoni kama la jiko lililofunuliwa.

"Asteria!" aliita. "Nani anafunika kompyuta wageni wakija?"

Asteria alitokea mlangoni. "Unaniuliza mimi? Humo ndani hata kufagia naomba kibali."

"Haikujifunika."

"Basi iulize."

Herman alifungua ubavu wa sipiyu, akaelekeza feni ya chumba ndani yake, akaketi kusubiri namba zishuke. Tisini na moja. Themanini na nne. Shangazi alikuwa amekunja kitambaa mapajani mwake, akikipapasa tundu kwa tundu. Asteria alimkataza kuongea, apumzishe koo, kwa hiyo aliongea kwa kunong'ona.

"Ile kaseti," alinong'ona.

Herman aligeuka kutoka kwenye namba.

"Baba yako alijua."

Feni ilizunguka. Sabini na saba.

"Alijua lini?"

"Siku ileile. Jioni aliiweka ausikie wimbo wake, akausikia mpira. Akausikiliza hadi mwisho. Nilikuwepo, nachambua mchicha."

"Akasema nini?"

"Akasema lilikuwa bao zuri."

Herman alitazama namba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sabini na mbili. Nje, kwa jirani, mtu alikuwa anapondaponda kokoto. Alitoka akaenda kumwomba asimame nusu saa, akarudi. Sitini na tano. Sitini na mbili.

Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba kipimo kimoja si kipimo. Kulikuwa na njia moja tu ya kuthibitisha: arudishe kitambaa, aache mashine ichemke, asikie bisi, akiondoe, aone zikiisha. Ingechukua saa nzima. Alishika kalamu, akaanza kuieleza njia hiyo, na shangazi akamsikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Yaani unataka uirudishie homa," alinong'ona, "ili ujue kama ilikuwa inaumwa."

"Ili nisikupotezee huo mmoja, shangazi. Kama si kitambaa, ukiimba—"

Honi ikalia getini. Abednego alikuwa amewahi kwa zaidi ya saa moja.

Herman alinyanyuka. Mkono wake wa kushoto ulifunga kitabu. Wa kulia ulikwenda kwenye mapaja ya shangazi, ukachukua kitambaa, ukakitandaza juu ya sipiyu, na vidole vilikuwa tayari vinanyoosha pembe ya pili alipoona kwamba shangazi na Asteria wanamtazama.

Asteria aliegemea mlango, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Yunis," shangazi alisema, kama anayemsalimia mtu aliyeingia.

Herman alisimama na pembe ya kitambaa mkononi. Alimkumbuka Mzee Shomari akibisha hodi, kina mama wa kwaya wakisalimiana uani, na kila mara yeye hapahapa, akifunga kitabu, akinyoosha kahawia hii juu ya mashine, pembe nne, na kutoka kuwapokea. Asteria alipoketi kama mgeni, hakukuwa na hodi wala honi. Mistari thelathini na moja, na hakuna hata mmoja uliompima mpimaji.

Alikiondoa kitambaa na kumrudishia shangazi.

"Tuanze," alisema.

"Hupimi tena?"

"Tuanze, shangazi. Tangu Shinyanga."

Asteria alikwenda kumzimisha Abednego na gari lake. Feni ilizimwa, mlango ukafungwa, sipiyu ikabaki wazi, utumbo wote nje, taa ndogo ya kijani ikiwaka ndani yake. Shangazi alifumba macho. Igunga, ndama mweupe. Singida, moto wa mchana. Manyoni, mwekundu wa pembe moja. Dakika ya kumi na nane Herman alishika ukingo wa meza. Ya kumi na tisa, Gairo, siku sita. Ya ishirini. Ngerengere, ambako hakubaki ng'ombe hata mmoja na ubeti ni wa vicheko tu. Sauti ilikuwa imeanza kuchanika pembeni, lakini ilipita, kama ng'ombe wa mwisho anavyopita kwenye lango, na kufika Marui, kisimani, ambapo baba hutaja idadi ya waliofika na kuacha kuimba bila kumalizia.

Digrii sabini na moja.

Shangazi alifumbua macho. Sauti ilikuwa imekwisha. Alionyesha kwa kidole kuelekea mashine, akiuliza. Herman aliitikia kwa kichwa, akahifadhi wimbo sehemu mbili, kisha ya tatu, ndipo akasimama.

Jumatatu hakwenda kazini. Asubuhi, wakati shangazi yuko chumba cha upasuaji, alifanya kipimo alichokiruka. Aliomba kitambaa cha zamani cha meza kutoka kwa Asteria, kizito kama kile, akafunika, akarekodi chumba kitupu. Bisi zilikuja dakika ya kumi na tisa na sekunde arobaini. Akafunua, akasubiri, akarekodi tena: saa nzima ya kimya safi. Akaandika mstari wa thelathini na mbili: "Kitambaa. Nilikuwa nakiweka mimi." Akarudi kwenye mstari wa kumi na nne, akaikata ile "Sawa" kwa mstari mmoja mwembamba, bado ikisomeka.

Kisha alisikiliza wimbo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Dakika ya saba, Singida, kulikuwa na mkwaruzo mdogo. Aliirudisha, akaisikiliza taratibu. Haukuwa wa mashine. Zilikuwa kucha za shangazi, zikipita kwenye uzi wa sweta. Programu ilikuwa na njia ya kuufuta ule mkwaruzo kwa kubonyeza mara mbili. Aliuacha.

Kitambaa chenyewe hakikuwepo tena Misugusugu. Shangazi aliondoka nacho Jumamosi, amejifunga shingoni juu ya skafu, na hakuomba ruhusa.

Jumatano jioni Abednego alipiga simu. "Kaka, kuna mtu hapa amekatazwa kuongea na anakataa kukatazwa. Subiri."

Kulikuwa na kishindo cha simu kupokezanwa, kisha pumzi, kisha sauti nyembamba, ya upepo mtupu, sauti ambayo Herman asingeitambua kama asingeambiwa ni ya nani.

"Baba. Homa imeshuka?"

Aliitazama kompyuta, iko uchi mezani.

"Sitini na nne, shangazi."

"Na mimi," upepo ulisema, "nimeambiwa thelathini na saba." Ukatulia, ukikusanya nguvu. "Nichezee pale Ngerengere."

Herman aliweka simu karibu na spika, akautafuta ubeti wa vicheko, akabonyeza.